Umealikwa kwenye maonesho ya picha na sanaa huijui? Mimi niliingilia mlango wa jikoni

Mleta uzi, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu dukani, maana huo wasiwasi naujua. Shemeji yetu kakualika Jumamosi kwenye maonesho ya picha Upanga. Wewe ni fundi magari, ukumbi wa sanaa hujawahi kuukanyaga, unaogopa kuonekana mshamba, na unauliza uvae nini, useme nini, na kama ukiingia ni lazima ununue. Wachangiaji wa juu wamekuorodheshea wapiga picha wa Ulaya ili ukariri majina. Usikariri kitu, kaka. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka sita iliyopita mteja wangu mmoja alinipa kazi ya gauni la kuvaa kwenye uzinduzi wa maonesho aliyoshiriki kuyaandaa. Kazi ikachelewa (kosa langu, umeme ulikatika siku mbili na mimi nilikuwa nimepokea sare za harusi juu yake), ikabidi nimpelekee gauni ukumbini jioni ile ile. Nafika getini na gauni begani ndani ya mfuko wa nailoni, mlinzi ananitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, ananiambia, "Mama, watu wa chakula wanapitia nyuma." Sikubishana naye. Nikapita nyuma, katikati ya masufuria na sinia za sambusa, nikatokea ukumbini. Sanaa nimeiingia kwa njia hiyo.

Mteja akaenda kubadilisha, mimi nikabaki nasubiri ili nione kama pindo limekaa sawa. Ukuta mweupe, picha kama arobaini, zote nyeusi na nyeupe, kila moja na taa yake. Watu wameshika glasi wanasogea polepole, wanatikisa vichwa. Nikajua hawa wote wanajua kitu nisichokijua. Siku hizi nimeshakwenda mara nyingi, na ninakuhakikishia nusu ya wanaotikisa vichwa wanamtafuta kwa macho mtu waliyekuja kumwona.

Picha zenyewe zilikuwa za studio za zamani, za miaka ya 1960 na 1970, zimeazimwa kwenye albamu za familia za Dar na Tanga. Ya kwanza niliyosimama mbele yake ilikuwa ya kijana mwembamba amevaa koti. Sikumwangalia kijana, niliangalia koti. Mabega yamempita vidole viwili kila upande, lakini kifuani limemkaa kama ngozi. Haiwezekani. Nikafuata mikunjo, yote inakimbilia nyuma: koti limebanwa mgongoni kwa pini. Nikaendelea. Picha ya nne au ya tano, mtu mwingine kabisa, koti lile lile! Nililijua kwa kifungo cha chini. Wenzake wana matundu manne, hicho kina mawili, kimebadilishwa. Hapo nikasahau gauni la watu. Nikaanza kulitafuta koti ukuta mzima, nikalikuta tena kwa mzee mmoja mnene. Kwake halikufunga hata kidogo, akaliacha wazi na kuweka mkono kiunoni, kana kwamba ndivyo alivyopenda mwenyewe.

Lilikuwa koti la studio. Watu wanaingia na shati lao, wanavalishwa, wanapigwa picha, wanalivua.

Nikamwambia kijana aliyekuwa amesimama karibu, kumbe ndiye aliyekuwa akizunguka majumbani kukusanya picha hizo. Alikuwa amekaa nazo karibu mwaka mzima na kifungo hakukiona. Akaniomba nimwoneshe mara ya pili, akaita wenzake. Mteja wangu anatoka na gauni lake jipya anamkuta fundi wake kazungukwa na watu. (Pindo lilikuwa limepanda kushoto. Hakuna aliyeliona ila mimi.)

Kwa hiyo, kaka, kama picha za Jumamosi zina barabara, zina magari. Ukikuta Peugeot 404 imeegemewa na vijana wa suruali za bwanga, wewe unajua ile ndiyo gari iliyochukua mbio za Safari mwaka 1966, 1967 na 1968, unajua kwa nini kila kijana alitaka kupigwa picha nayo, na pengine utaona kwamba tairi halina upepo au kwamba gari limepachikwa juu ya matofali na haliendi popote. Mwambie shemeji hivyo. Atakusikiliza kuliko ukimwambia habari za mwanga na kivuli ulizosoma hapa jana.

Baada ya siku ile nilitaka kujua kama mambo ya makoti ya kuazima yalikuwa ya huku kwetu tu. Kumbe sivyo. Nchini Mali kulikuwa na mpiga picha anaitwa Seydou Keïta, alifungua studio Bamako mwaka 1948. Alikuwa na suti, saa, redio, mpaka Vespa. Mteja anachagua anachotaka kuonekana nacho. Mara nyingi alipiga mara moja tu, maana karatasi na filamu ni fedha. Lakini mimi nilichopenda ni nyuma ya mteja. Alianza kwa kutundika shuka lake la kitandani, kisha kila baada ya miaka michache akawa anabadilisha kitambaa. Uzeeni, picha zake zilipokuja kujulikana duniani miaka ya 1990, alikuwa anakadiria mwaka wa picha kwa kutazama kitambaa kilichotundikwa. Kama bibi zetu, wanaokwambia mtoto fulani alizaliwa mwaka ilipotoka kanga fulani. Nikasema huyu ni mtu wangu.

Maswali yako mengine upesi upesi. Kununua si lazima, na kwenye kumbi nilizokwenda mimi sijawahi kutozwa kiingilio. Chini ya picha kuna kibandiko: jina la mpiga picha, jina la picha, mwaka, vipimo, wakati mwingine bei. Ukiona 3/10 usidhani ni alama ya mtihani, maana yake ni nakala ya tatu kati ya kumi zitakazochapwa. Nukta nyekundu maana yake imeshanunuliwa. Usiguse, usipige na flashi, na ukitaka kupiga kwa simu uliza kwanza. Maandishi marefu ya ukutani yaruke mpaka mwisho. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza cha kutisha watu na yatakuambia uone nini kabla hujaona chochote. Zunguka mara moja haraka kama unayekagua mitumba, kisha rudi kwenye picha moja iliyokushika, usimame mpaka uone aibu. Hiyo moja inatosha kwa siku.

Na zikikuchukiza, sema. Mimi kuna maonesho nilitoka nimenuna: jina la mpiga picha limeandikwa herufi kubwa kama bango la mkutano, halafu chini ya kila uso ni "mwanamke sokoni", "mvuvi", "mtoto". Mvuvi hana jina? Umemsimamisha juani, hukumwuliza anaitwa nani? Nilimwuliza mhusika, akanijibu mambo ya uhuru wa msanii. Sikumwelewa na sidhani alitaka nimwelewe.

Ukipenda haya mambo, siku ukivuka kwenda Unguja ingia Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, pale Shangani. Ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ambaye kazi aliianza kwa A. C. Gomes, studio ya Zanzibar tangu karne ya 19. Capital yenyewe akairithi mwanawe Oza. Ni duka, ukumbi wa sanaa sio. Hakuna taa za kumulika wala glasi, ni kuta tu zimejaa majahazi, milango, masultani na maharusi kuanzia chini mpaka darini. Mimi niliona raha pale kuliko kumbi zote nyeupe nilizoingia, labda kwa sababu duka nalijua.

Uvae nini? Shati lililopigwa pasi na viatu vilivyokwisha kukuzoea, utasimama sana. Suti ya kuazima usiazime, nitaiona.

Jambo la mwisho. Usiku ule niliporudi niliishusha picha ya Mama ukutani. Amekaa kwenye kiti, nyuma kuna minazi ya kuchorwa, mkononi ana saa. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ya Tanga uliofutika na 1974 kwa kalamu. Tangu utoto nilikuwa najivunia kwa wenzangu kwamba mama yangu alikuwa na saa ya mkono usichana wake. Nikampigia simu nikamwuliza ile saa ilikwenda wapi. Akacheka mpaka akakohoa. "Saa ya studio ile, mwanangu. Wala ilikuwa haitembei. Hata viatu si vyangu, vilinibana, ndiyo maana unaniona nimekaa."

Jumapili lete mrejesho, na utuambie kama kulikuwa na gari.