Unapanga kujenga mitambo ya upepo baharini? Anza na meli

Watu wengi wakipewa kazi ya kupanga ujenzi wa mitambo ya upepo baharini wanaanza na mitambo yenyewe, iko mingapi, mikubwa kiasi gani, inatoka kiwandani lini, halafu meli wanaiweka mwisho kabisa kwenye eksel kama vile ni lori la kukodi. Mi nimekaa kwenye hizi kazi za mipango muda wa kutosha na nakwambia geuza, anza na meli ya kusimika mitambo halafu rudi nyuma taratibu mpaka ufike kiwandani.

Hizo meli zenyewe ni za kuhesabu duniani. Zina miguu inayoshuka mpaka sakafu ya bahari halafu meli nzima inajinyanyua juu ya mawimbi ili kreni ifanye kazi bila kuyumba. Mwaka 1991 pale Vindeby, Denmark, walisimika mitambo 11 ya kilowati 450 kila mmoja, leo kwenye mradi wa Dogger Bank upande wa Uingereza panga moja peke yake, lile bawa linalozungushwa na upepo, lina urefu wa mita 107, sasa fikiria ni meli ngapi zinaweza kunyanyua kitu kama hicho. Meli hizi zinabukiwa miaka kabla. Na ikishafika inakula hela kila siku, iwe inafanya kazi au imekaa tu inatazama mawimbi.

Haya, hali ya hewa. Hapa ndo watu wanaumia. Mtu anakuletea grafu, anakwambia tuseme wastani wa urefu wa mawimbi mwezi wa 9 ni mita 1.4 na limiti yetu ya kufanya kazi ni 1.5 kwa hiyo tuko poa. Hatuko poa! Wastani haukwambii kitu, unachotaka kujua ni bahari itatulia masaa mangapi mfululizo. Kama kazi yako inataka masaa 24 bila kukatika na bahari inakupa sita leo, nane kesho, kumi keshokutwa, basi mwezi mzima unaweza ukaisha na hujasimika hata mnara mmoja, na kwenye grafu bado unaonekana mwezi mzuri tu. Chukua data ya mawimbi na upepo ya miaka mingi, 20 au zaidi ukipata, pitisha ratiba yako kwenye kila mwaka kama vile kazi ingeanza mwaka huo, uone inaisha lini. Ukimpelekea bosi tarehe moja ya kumaliza utakuwa unamdanganya, mpelekee mbili, ile ya mwaka wa kawaida na ile ya mwaka mbaya.

Na usisahau upepo wa juu sio wa chini. Pale kwenye deki unakuta kumetulia kabisa, watu wanakunywa kahawa, lakini juu mita mia na kitu ambako panga linatakiwa kuingia upepo umeshavuka limiti, na kwa mapanga limiti nyingi zinacheza kwenye mita 10 hadi 12 kwa sekunde. Yani ni kichekesho kiukweli, sehemu umeichagua kwa sababu ina upepo mwingi halafu kila asubuhi unaomba usivume.

Bandari nayo usiamini brosha. Uliza gati linabeba tani ngapi kwa kila mita ya mraba, uliza kuna daraja njiani maana minara inasafirishwa imesimama wima, na uliza udongo ulioko chini ya maji mbele ya gati ukoje kwa sababu meli ikija kupakia inaweza ikahitaji kushusha miguu palepale. Bandari ya New Bedford kule Marekani lango la ukuta wa kuzuia dhoruba lina upana wa kama mita 46 tu, meli kubwa za kusimika hazipiti. Juu ya hapo kuna Jones Act, sheria ya 1920, meli ya nje hairuhusiwi kubeba mzigo kutoka bandari ya Marekani kwenda sehemu nyingine ya Marekani, kwa hiyo kwenye mradi wa upepo wa Vineyard Wind meli ya kusimika ilibaki baharini na matishari ndo yakawa yanaipelekea vipande. Inawezekana, ila ni kunyanyua mzigo kutoka kwenye tishari linalocheza na mawimbi, kwa hiyo masaa yako ya utulivu yanazidi kuwa machache.

Kebo za umeme za chini ya bahari: kaa na watu wa kebo mapema, wachoree kabisa miguu ya meli itatua wapi. Miguu inaacha mashimo, na mguu ukitua juu ya kebo iliyokwisha lazwa hiyo kesi haiishi leo.

Halafu vitu vidogo. Nimeona kazi ikisimama kisa boksi za bolti za mnara zimepangwa yadini nyuma ya mapanga, na panga la urefu ule huliburuzi na foklifti, kwa hiyo kreni zikaitwa, fremu zikafungwa, na kule baharini hali ya hewa ilikuwa safi kabisa. Tangu hapo ramani ya yadi naichora kwa mpangilio wa kupakia, sio kwa mpangilio wa mizigo kufika. Cheki pia vyeti vya usalama vya mafundi, vya GWO (shirika la viwango vya mafunzo ya kazi za upepo) vingi vinataka kurudiwa kila baada ya miaka miwili, na ambaye chake kimeisha hapandi boti hata kama ni yeye tu anayeijua ile mashine ya kukazia bolti.