Fimbo ya kuvulia samaki kwenye kayaki: ununue ipi na uifunge vipi

Ukikaa kwenye kayaki, maji yako chini tu ya mapaja. Huwezi kurudi nyuma hatua mbili, na samaki akiamua kupita chini ya chombo atokee upande wa pili, utamfuata kwa mikono na kiuno basi. Hali hiyo ndiyo inayochagua fimbo, si bei wala jina lililoandikwa juu yake. Wengi wanaoanza hapa Pwani, kuanzia Kilifi hadi Diani, huja na ile ya futi 12 waliyozoea kurushia wakiwa ufuoni, au kile kifimbo kinene kifupi cha boti ya injini. Kila moja ina kazi yake. Ile ndefu, samaki akifika ubavuni ananing'inia mbali nawe, humfikii kwa mkono. Ile fupi haivuki omo, yaani ncha ya mbele ya kayaki.

Na kuvuka omo ndilo jambo kubwa. Kolekole akishanasa hupiga mbizi kutafuta mwamba, na mara nyingi njia yake ni chini yako. Uzi ukisugua ubavu wa kayaki utakatika. Fimbo ikikunjwa juu ya ukingo itavunjika. Dawa ni kuzamisha ncha majini, kuinyoosha mbele, kisha kuizungusha omo mpaka upande alikokwenda samaki. Kwa hiyo usikadirie kwa macho dukani. Weka kayaki mchangani, kaa unavyokaa ukiwa baharini, shika fimbo penye rili (kile kifaa cha kukunjia uzi), nyosha mikono mbele: ncha ipite omo kidogo. Kwa kayaki ya mita 3 na nusu hadi 4, mara nyingi fimbo ya futi 6 na nusu au 7 inatosha.

Tazama na mpini. Kipande kilicho nyuma ya rili kikiwa kirefu, kitakwama kwenye jaketi la kuokolea kila ukitaka kugeuza fimbo, tena wakati usiotaka kukwama. Kikiishia kwenye kiwiko, kinafaa. Kuhusu ugumu, tafuta herufi M (ugumu wa kati) au MH (wa kati kwenda mgumu) juu ya fimbo. Fimbo ngumu mno haipindi, na nguvu isiyopinda fimbo itahamia kwako na kukuinamisha ubavu.

Kaboni tupu ni nyepesi na inasikia hata samaki anapoonja chambo, lakini haipendi kugongwagongwa, na kwenye kayaki kila kitu kinagongana. Nyufa huanza kidogo usizione, kisha siku ya samaki mkubwa inapasuka. Anayeanza namshauri achukue iliyochanganywa kaboni na nyuzi za glasi. Ni nzito kidogo ila inavumilia. Hata hiyo usiisimamishe wima samaki akiwa chini yako kabisa, maana hapo mzigo wote unaangukia ncha. Ukinunua iliyotumika, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia uzi. Pamba ikinasa, pete ina ufa na itakula uzi wako. Anayesafiri kwa matatu achukue ya vipande viwili.

Rili ya saizi 4000 inatosha kazi nyingi za ndani ya mwamba na mlangoni mwake. Anza kwa kuzungusha mita chache za nailoni, ndipo ufuatishe uzi wa kusuka wa ratili 30. Ukiuweka uzi huo peke yake utateleza juu ya kibiringo. Uzi wa kusuka hauvutiki na ukigusa tumbawe haukawii kukatika, kwa hiyo mbele yake funga nailoni nene ya mita moja na nusu au mbili. Ukifuata nguru au mzia, ongeza waya wa shubiri moja au mbili kwa ajili ya meno yao. Mafundo yote yafunge nyumbani. Kufunga fundo jembamba huku kusi likikutikisa ni kujitafutia ndoano kidoleni.

Sasa breki ya rili, ile inayozuia uzi usitoke ovyo, ambayo wageni huikaza wakidhani ndiyo ushujaa. Kanuni ya kawaida ni robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa ratili 30 ni kama kilo 13 na nusu, basi robo yake ni kilo 3 na kitu. Huna mizani? Chukua dumu la lita 5, tia maji lita 3, fungia uzi na ulinyanyue moja kwa moja kutoka kwenye rili, bila kuupitisha kwenye pete. Breki ianze kuachia dumu linapotaka kuinuka. Utaona ni ndogo, lakini usisahau kwamba samaki akivuta, kayaki nayo inakwenda, na huko kuburutwa ni breki ya pili. Muache akuvute kupitia omo. Akivuta kutoka ubavuni na breki imekazwa, atakupindua.

Fimbo mbili zinatosha. Ukiburuta chambo bandia huku unapiga kafi, ziweke kwenye vishikio vya nyuma ya kiti, zikilala nje kulia na kushoto, uzi mmoja mita 20 nyuma na mwingine 30 ili zisisokotane ukigeuka. Ukivua changu kwa chubwi, tumia kishikio cha mbele ambacho mkono unakifikia bila kujipinda. Kila fimbo iwe na kamba yake fupi iliyofungwa kwenye chombo, na kisu kiwe kwenye jaketi, si ndani ya mkoba, kwa sababu kamba hizo hizo zinaweza kukunasa ukipinduka.

Kabla ya kuingia kwenye mawimbi ya ufuoni, kwenda au kurudi, laza fimbo ndani na uzifunge. Iliyosimama hubebwa na wimbi la kwanza. Watamu na Malindi zina hifadhi za taifa za bahari ambamo kuvua ni marufuku, kwa hiyo uliza mipaka kwa wavuvi wa hapo kabla hujashusha ndoano.

Ukirudi, osha kwa maji yasiyo ya chumvi yanayotiririka taratibu. Mpira wa maji wenye kasi husukuma chumvi ndani ya rili. Legeza breki kabisa, na kama fimbo ni ya vipande viwili, itenganishe jioni hiyo hiyo. Ukiiacha mpaka asubuhi, chumvi itaigandisha kwenye kiungo.