Maua yamejaa bustanini, mbona ndege hawakai?

SWALI: Habari mtaalamu. Kiangazi hiki bustani yangu imechanua vizuri sana. Nina zinia, alizeti na hibiskasi, karibu zote za aina ile yenye petali nyingi zilizojazana. Kila asubuhi nakata yaliyonyauka, na kila wiki napiga dawa kwa sababu ya vidukari. Nimetundika pia chupa ya maji ya sukari niliyoyatia rangi nyekundu. Pamoja na hayo yote, ndege ni wa kuhesabu. Chozi wawili (wale ndege wadogo wa mdomo mrefu wanaofyonza maua) waliokuja walikwenda kwenye hibiskasi ya kawaida iliyo kando ya uzio, wakaitoboa kwa chini, wakaondoka. Je, wananiharibia ua? Na nifanye nini ili ndege wakae?

JIBU: Salama, ndugu msomaji. Naanza na hao chozi, maana wamekwishajibu nusu ya swali lako. Katika maua yote uliyonayo, wamelifuata lile moja la kawaida.

Chuma ua moja la hiyo hibiskasi, kisha bandua taratibu kile kikombe cha kijani kinachoshika petali. Ndani yake, chini kabisa, utaona unyevu unaong'aa. Hiyo ndiyo nekta, maji matamu ya ua. (Ningekuambia uonje, lakini umepiga dawa, kwa hiyo acha.) Kwa kuwa imejificha kati ya kikombe na petali, chozi hana sababu ya kuingilia mbele, anapenyeza mdomo pembeni, anafyonza, anakwenda zake bila kubeba chavua, ule unga wa ua unaohitajika ili mbegu zitunge. Wataalamu huuita wizi wa nekta. Wewe hupotezi kitu: ua la hibiskasi kwa kawaida huishi siku moja tu, na hukulipanda kwa ajili ya mbegu.

Sasa tuje kwa yale yaliyojazana. Petali za ziada za hibiskasi ni stameni, yaani viungo vinavyotoa chavua, zilizogeuka kuwa petali. Zinia na alizeti zina hadithi nyingine kidogo. Unachokiona kama ua moja ni mkusanyiko wa viua vingi vidogo, na vile vya katikati ndivyo vyenye chavua, nekta na baadaye mbegu nyingi. Kwenye aina zilizojaa, viua vya katikati vimechukua umbo la vile vya pembeni vyenye petali ndefu. Chakula hupungua, na kinachobaki kinafunikwa na petali. Usiyang'oe kama unayapenda, ila changanya na aina za kawaida, zile ambazo kitovu cha ua kinaonekana waziwazi.

Kwa chozi, chaguo langu la kwanza ni mshubiri, kisha salvia yenye maua mekundu. Maua ya mimea hiyo miwili yana umbo la bomba linaloupokea mdomo mrefu, na ndege huiona rangi nyekundu vizuri kuliko nyuki. Mshubiri una faida nyingine ambayo watu huisahau: shina lake la maua ni gumu. Chozi anaweza kuelea hewani kwa muda mfupi, lakini hupendelea kula akiwa ametua.

Mkasi wako endelea kuutumia mwanzoni mwa msimu, kwa sababu kukata yaliyonyauka huchochea machipukizi mapya. Msimu ukifika katikati, uache. Alizeti ikiinamisha kichwa na mgongo wake ukageuka kutoka kijani kuwa njano iliyokolea, mbegu zinakaribia kukomaa. Liache ua hilo papo hapo juu ya bua. Shomoro na ndege wengine wala mbegu watakuja kuning'inia wenyewe. Bustani itaonekana chakavu kidogo, nakubali. Huo uchakavu ndio chakula chao.

Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni dawa ya kila wiki. Wengi hudhani ndege wa nekta huishi kwa nekta, na wa mbegu kwa mbegu. Ni kweli kwa kiasi, mpaka siku mayai yanapoanguliwa. Makinda yanahitaji protini, na chozi huyalisha wadudu na buibui. Hata kiota chake hukishikiza kwa utando wa buibui. Huko Amerika ya Kaskazini kuna ndege mdogo aitwaye chickadee, ambaye jozi moja huhitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja. Ukisafisha wadudu wote, ndege atapita, lakini hatakuwa na sababu ya kuzaa hapo.

Soma pia kibandiko cha dawa. Ukikuta kiambato cha kuua wadudu kiitwacho imidakloprid, iache kabisa. Mmea huinyonya, ikasambaa hadi kwenye nekta na chavua, hivyo kusubiri dawa ikauke kwenye majani hakusaidii. Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2018 isitumike nje, ikabaki wakati huo kwenye nyumba za kioo za kudumu tu. Vidukari wapige kwa maji ya mpira yenye kasi, asubuhi, ukilenga chini ya majani na kwenye vichomozo. Rudia baada ya siku mbili tatu. Watabaki wachache, waache hao.

Chupa yako, mwaga hayo maji leo. Rangi haina kazi, kwani ndege huvutwa hata na chupa yenye kifuniko chekundu. Changanya kipimo 1 cha sukari nyeupe kwa vipimo 4 vya maji, basi. Usitie asali, maana huleta kuvu na kuchacha upesi. Wakati wa joto badilisha kila siku na usugue chupa kwa maji ya moto kila unapobadilisha. Kama ratiba yako hairuhusu, afadhali uiondoe, kwa sababu maji yaliyochacha huwadhuru hao hao unaowaita.

Badala yake weka maji ya kawaida kwenye sinia pana lisiloteleza, kina kisizidi sentimita 5, na jiwe moja katikati la kutua. Ndege hunywa na kuoga humo, hata wale wasiojali maua. Yabadilishe kila baada ya siku mbili, kabla viluwiluwi vya mbu havijapata muda wa kukomaa. Liweke mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka: karibu kiasi cha ndege kukimbilia akishtuka, mbali kiasi kwamba paka hawezi kujificha na kumrukia akiwa na manyoya yaliyolowa.