Mtoto huyu mtu mzima wake ni nani? Kwa wanaoanza kazi ya kupokea wanafunzi wa kigeni

Ukianza kazi katika ofisi ya udahili ya shule binafsi inayopokea watoto kutoka nchi nyingine, utakabidhiwa mafaili na kuambiwa uangalie alama, mtihani wa lugha na uwezo wa kulipa ada. Sawa, viangalie. Lakini mimi huanza na swali jingine: mtoto huyu akiugua saa tisa usiku, au bweni likifungwa kwa likizo, au akisimamishwa masomo, nani atampokea? Nataka jina, namba ya simu na lugha anayoisema mtu huyo. Faili lisilo na jibu hilo halijakamilika, hata kama mtoto ana alama za juu mno.

Wazazi wako mbali, na mara nyingi kati yenu yupo wakala. Wapo mawakala wazuri mno, wanaozijua shule na kuwaambia wazazi ukweli. Ila wengi hulipwa kamisheni kwa kila mtoto anayepata nafasi, na wengine hulipwa na pande zote mbili, kwa hiyo uliza mapema nani anamlipa. Dai barua pepe na simu ya mzazi mwenyewe. Ukiona "baba" anajibu barua kwa Kiingereza kilichonyooka huku kwenye simu hasemi neno, ujue hujazungumza na familia bado. Fanya mahojiano mawili kwa video: moja na mtoto peke yake, jingine na wazazi, ukiwa na mkalimani uliyemtafuta wewe, si wa wakala. Kwa wazazi kuna swali ambalo jibu lake hunieleza mengi kuliko fomu nzima: wazo la kusoma huku lilikuwa la nani? Mtoto aliyeletwa kwa sababu mambo ya nyumbani yameharibika anaweza kufanya vizuri sana, lakini atahitaji kushikwa mkono kwa namna tofauti na yule aliyewasumbua wazazi mwaka mzima aje.

Alama usizisome kwa mazoea ya nchi yako. Ujerumani 1 ndiyo ya juu na 6 ndiyo ya chini. Ufaransa hupima kwa 20, na mwenye 14 anafanya vizuri. Mwaka wa shule huanza Aprili Japani na Machi Korea Kusini, kwa hiyo anayekuja Septemba huenda ameacha darasa katikati. Amua ataingia darasa gani, uiandikie familia kabla hawajalipa.

Kwenye lugha nenda polepole. Mwaka 1979 mtafiti Jim Cummins alitenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo. Kwa watoto wahamiaji, ya kwanza huja ndani ya miaka 2 hivi. Ya pili huwachukua miaka 5 au zaidi kuwafikia wenzao. Ndiyo maana mtoto aliyekuchekesha kwenye mahojiano anaweza kukwama kwenye ukurasa mmoja wa kitabu cha historia, na yule aliyejibu kwa neno mojamoja akaandika insha safi. Pamoja na mtihani rasmi, mpe kifungu ambacho hajawahi kukiona, aandike aya moja papo hapo ukimwona kwenye video. Aya hiyo mpelekee mwalimu wa sayansi, si wa lugha peke yake, umuulize kama huyu ataweza kuandika ripoti ya maabara. Akisema anahitaji msaada na shule haina mwalimu wa kuutoa, kataa. Najua bodi inataka vitanda vijae. Lakini kumchukua mtoto usiyeweza kumfundisha ni kula ada ya watu.

Sasa makaratasi. Marekani, shule huidhinishwa kwanza na serikali ndipo impokee mwanafunzi wa visa ya F-1, na humtolea fomu ya I-20, yaani cheti cha shule anachoombea visa hiyo, kupitia SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Sekondari za umma huko haziruhusiwi kukaa na mwanafunzi wa F-1 zaidi ya miezi 12, ilhali shule binafsi hazina kikomo hicho. Hii ni sababu mojawapo ya familia nyingi kubisha hodi kwenu. Mwanafunzi mpya wa F-1 haruhusiwi kuingia nchini zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye fomu, basi waonye wazazi wanaowahi tiketi za bei nafuu. Uingereza, shule yenye leseni ya serikali ya kudhamini wanafunzi wa kigeni hutoa namba ya CAS, yaani uthibitisho wa nafasi ambao mtoto huombea visa, na visa ya Child Student ni ya miaka 4 hadi 17. Huko pia, mtoto wa chini ya miaka 16 akilelewa siku 28 au zaidi na mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, mamlaka ya eneo lazima zijulishwe. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo kila msimu zisome kwenye tovuti ya serikali yenyewe.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wachina na Wakorea hutanguliza jina la ukoo. Waindonesia wengi wana jina moja tu. Lile analopenda kuitwa lipeleke kwa walimu, lisiguse fomu ya visa.

Idhini ya matibabu isainiwe kabla mtoto hajapanda ndege. Na mkumbushe muuguzi kuhusu BCG, chanjo ya kifua kikuu: mtoto aliyechanjwa anaweza kuonekana ana maambukizi ya kifua kikuu kwa kipimo cha ngozi, wakati kipimo cha damu hakichanganywi na chanjo hiyo. Nisingependa mtoto atengwe na wenzake kwa sababu ya chanjo ya utotoni.

Wiki ya kwanza kila shule huifanya vizuri. Shida huja ugeni ukishazoeleka na matokeo ya kwanza yakishatoka. Wengi hawatakuambia wana huzuni. Watasema kichwa, watasema tumbo. Kwa hiyo muuguzi na mlezi wa bweni hujua kabla yako. Kaa nao kila wiki, hata kwa dakika chache. Mtoto anayesinzia darasani usimhukumu haraka: saa sita ya usiku New York ni mchana Shanghai, na huenda huo ndio muda pekee ambao mama yake anapata nafasi ya kuongea. Kumnyang'anya simu hakusaidii. Wapangie saa ya Jumapili asubuhi, ambayo kule ni jioni, na mwombe mama aiheshimu. Na usikubali kanuni ya kukataza lugha za nyumbani bwenini. Darasani sawa, lakini mtu aliyechoka kutafuta maneno mchana kutwa ana haki ya kupumzika. Ramadhani husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, basi ilinganishe na ratiba ya mitihani mapema, na jiko lijue habari ya daku.

Likizo fupi ndizo zinazotega. Mtoto wa miaka 15 atakuambia "nitakaa kwa binamu", na ukipiga simu unakuta binamu ana miaka 19 na chumba kimoja. Piga simu mwenyewe, kila likizo, hata kama mwenyeji ni yule yule. Kwa wanaosafiri nje ya Marekani, hakikisha visa haijaisha na sahihi ya usafiri kwenye I-20, ile ambayo shule humsainia ili aweze kurudi, ingali hai. Sahihi hiyo hudumu mwaka 1.

Jambo la mwisho ni mikutano na wazazi. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani katika kesi yake mwenyewe, wala rafiki yake wa bweni. Utasikia dakika tano za maneno zikitafsiriwa kuwa "mama amekubali". Lipia mkalimani, mpe ripoti siku moja kabla aisome, na muhtasari wa mliyokubaliana uwafikie wazazi kwa lugha yao siku hiyo hiyo.