Kwa mnaoanza na MCF-7: TGF-beta kuwepo sio TGF-beta kufanya kazi

Nyie mliopewa MCF-7 (seli za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara) muangalie estrojeni na tamoksifeni (dawa ya kupinga estrojeni) zinaifanyia nini TGF-beta (protini ambayo seli inatoa kupeleka ishara), naomba mnisikilize kidogo maana hapa ndo wengi wanapita haraka. Seli ya saratani ya matiti inaitoa TGF-beta kwa sehemu kubwa ikiwa imefungwa, kuna protini inaitwa LAP imeishikilia, na mpaka iachiwe haiwezi kukamata kipokezi chake. Sasa ELISA nyingi (vipimo vya kiasi cha protini kwa kingamwili) zinakutaka utie asidi kwenye sampuli, ambayo inaiachisha TGF-beta na LAP, afu urudishe pH, na ukifanya hivyo unapata jumla, iliyofungwa na iliyo huru zote pamoja, halafu mtu anaandika dawa imeamsha TGF-beta. Hapana jamani! Gawa sampuli, nusu tia asidi nusu usitie, hapo utajua dawa imeongeza utengenezaji au imefungua iliyokuwepo. Tangu 1987 ilishaonyeshwa kwamba dawa za kupinga estrojeni zinafanya MCF-7 itoe TGF-beta nyingi zaidi, na sehemu yake inafanya kazi hata bila asidi, kwahiyo hiyo nusu isiyotiwa asidi ndo yenye habari yenyewe.

Midia (majimaji ya kukuzia seli) nayo iangalieni sana. Ile rangi nyekundu ya fenoli inaigiza estrojeni kidogo, tumieni midia isiyo na rangi. Seramu ina estrojeni zake, ndo maana inachujwa kwa mkaa, ila mkaa hauwahakikishii kwamba TGF-beta ya ndani ya seramu imeisha, so siku ya kukusanya midia ya kupima weka midia bila seramu na upime pia midia ambayo haijawahi kugusa seli. Insulini ikiwa nyingi kwenye midia inaamsha kipokezi cha IGF-1 (kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini), na hiyo pekee inaweza kukuharibia picha nzima.

Tamoksifeni kwenye sahani tumia ile ya 4-hidroksi, kwa sababu mwilini ini ndo linaibadilisha iwe kali. Afu ongeza estradioli (estrojeni yenyewe) juu yake uone kama athari inarudi nyuma, mimi naliamini jaribio hili kuliko kulinganisha na MDA-MB-231, seli nyingine za saratani ya matiti, ambazo hazina kipokezi cha estrojeni alfa ni kweli lakini zinatofautiana na MCF-7 kwa mambo mengine mengi tu.

Na tamoksifeni inapunguza seli, kwahiyo kila namba ya TGF-beta igawe kwa idadi ya seli au DNA ya kisima (kishimo cha sahani) hichohicho, na uzihesabu siku ileile unayochukua midia.