Funeral ya Arcade Fire: jibu la swali lako

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini albamu yenye jina la mazishi inasikika kama makelele kwenye simu yako, na kwa nini katikati ya msiba wanaanza kupiga disko.

Jina si mbwembwe. Arcade Fire, bendi ya Montreal, Kanada, ilirekodi nyimbo hizo 10 kati ya 2003 na 2004, kipindi ambacho wanabendi walifiwa: Régine Chassagne alifiwa na bibi yake, Win na William Butler wakampoteza babu yao, mwanamuziki Alvino Rey, na Richard Reed Parry shangazi yake. Ikatoka Septemba 2004.

Makelele ni ya spika. Fidla, kodiani, magitaa na watu wanaopaaza sauti pamoja wamebanana kwenye sauti za kati. Kinachowashikilia ni besi na dramu kubwa, ambazo spika ya simu haizitoi. Vaa hedifoni, zima vikorombwezo vyote vya sauti, volyumu iwe ya wastani.

Usiache programu ichanganye nyimbo, wala isiufifishe wimbo mmoja ndani ya mwingine. Régine, ambaye wazazi wake waliikimbia Haiti ya dikteta Duvalier, anaimba wimbo wa Haïti kwa Kifaransa na Kiingereza, na mdundo wake unaingia moja kwa moja kwenye Rebellion (Lies). Ukikatwa pale, umekosa kiungo kizuri kuliko vyote humo.

Zile nyimbo nne zenye jina la Neighborhood usizitafutie hadithi moja. Ya tatu, Power Out, ilitokana na dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliyozima umeme Québec; ya pili imebeba jina la Laika, mbwa aliyerushwa angani na Wasovieti mwaka 1957.

Sasa hilo disko. Wimbo wa Crown of Love unaanza polepole, fidla zikizidi kupanda, kisha kuelekea mwisho mwendo unabadilika ghafla. Mwimbaji bado anabembeleza vilevile. Dramu ndizo zilizobadilika. Wake Up nayo inageuka hivyo, ingawa kwa masikio yangu Crown of Love inaumiza zaidi.

In the Backseat usiianze nayo. Bila nyimbo tisa za kabla yake, kilio cha Régine kitakuchosha. Na kama dakika 48 kwa mkao mmoja ni nyingi, pumzika baada ya wimbo wa 5. Crown of Love inafungua nusu ya pili vizuri.

Mama yako