Muulize Mwalimu: Nauli ya Kwenda Ng'ambo ya Ruvuma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nakamua alizeti hapa Kondoa. Mwanangu wa miaka 21 ameahidiwa kazi Msumbiji na mtu aliyekutana naye stendi. Nauli analipiwa, simu mpya keshapewa. Mjomba wake anasema kule wako Al-Shabaab wa Somalia. Kijana anacheka: Somalia kaskazini, Msumbiji kusini, wamefikaje? – Mama S.

JIBU: Marahaba, mama. Kijana jiografia anaijua, na mjomba kakosea jina tu, hatari kaiona.

Wale wapiganaji wa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, wenyeji huwaita Al-Shabaab, lakini si tawi la Wasomali. Wa Somalia wako upande wa al-Qaeda, wa Msumbiji wako upande wa Dola la Kiislamu, na wakubwa wao hao ni mahasimu. Kelele zilianza Oktoba 5, 2017, waliposhambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Agosti 2020 wakauteka mji huo pamoja na bandari yake, wakakaa nao mwaka mzima hadi askari wa Rwanda na Msumbiji walipowatoa.

Tena, mama, usiruhusu mtu akwambie hiyo ndiyo dini. Kabla ya risasi ya kwanza, masheikh wa kule kule walikuwa wameshakwenda serikalini kuwashitaki vijana hao, ambao walikuwa wakiingia msikitini na viatu.

Sasa, kuvuka. Nilifundisha Newala miaka ya themanini. Mwalimu mwenzangu akafiwa na mkwewe ng'ambo, tukateremka bondeni, tukavuka Ruvuma kwa mtumbwi. Hakuna aliyetuuliza pasi. Tuliulizwa kama tumekula. Kimakonde huku, Kimakonde kule, na kiangazi maji yakipungua kuna sehemu unavuka kwa miguu. Njia ya msiba na harusi haichagui mpitaji. Oktoba 2020 wenye silaha walivuka mto huo huo wakaingia Kitaya, Mtwara, wakaua wanakijiji na kuchoma nyumba.

Wala si Ruvuma peke yake. Jamil Mukulu, kiongozi wa kundi la waasi la ADF, alianzia Uganda, vita akaihamishia Kongo, akaja kukamatwa hapa kwetu Tanzania mwaka 2015. Kijana akiuliza wamefikaje, mwambie hivyo.

Ila kinachonikosesha usingizi katika barua yako ni ile simu. Vijana wengi waliojikuta porini Cabo Delgado hawakuanza na bunduki: wapo walioahidiwa kazi, wapo waliopewa mkopo wa biashara ndogo. Mtu akishakula fedha ya mwingine, kukataa safari kunakuwa kugumu. Huyo wa stendi huenda ni tapeli wa kawaida tu, sijui. Lakini tajiri gani wa Msumbiji anafuata kibarua mpaka Kondoa, aache vijana wa Mtwara waliojaa vijiweni?

Usimfungie ndani, atatoroka usiku. Mwambie amlete mgeni wake nyumbani, mjomba awepo. Aulizwe jina la kampuni, mji, mkataba, na nani atashughulikia kibali cha kazi. Asipotokea, nenda kwa mtendaji wa kijiji na namba yake mkononi. Simu irudishwe, hata kama kioo kimeshapasuka. Uza dumu mbili za mafuta ulipe.